Makopa Juu ya Kioo cha Jua

Jumatatu tarehe 14 Juni 2004, saa nne na robo asubuhi, nilikabidhiwa kitambaa. Kilikuwa cheupe, kipya, kimekunjwa mara nne. Bwana Stefano, afisa wa mradi kutoka Mtwara mjini, alinipa kwa mikono miwili mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wote wa Kitaya waliokuja kuushangaa mtambo mpya wa kupima mto, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu nilivyovifuata sokoni Chikongola, Mtwara mjini, kwa ajili ya siku hiyo. Nikabaki nimenyoosha mkono nikisubiri kitu cha pili. Cha pili hakikuwepo.

"Mzee Hemedi," akasema Bwana Stefano, "mtambo huu unakula jua kupitia hiki kioo. Kioo lazima kiwe safi muda wote. Vumbi, majani, mavi ya ndege, hatutaki. Na nyasi za humu ndani ya uzio. Na ufunguo wa lango utakaa nao wewe."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta anayo Brian."

Brian alikuwa kijana mrefu, mtu wa Moshi, kofia ya mradi kichwani, kompyuta ya kukunja mapajani. Alikuwa ameshakalia kigoda changu.

Nasema changu kwa sababu nilikikalia miaka kumi na tano. Tangu mwaka 1989 mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa mto. Pale chini ya kijiji, ukingoni mwa Ruvuma, serikali ilisimika ubao wa chuma wenye namba, unaanzia sifuri mchangani na kuishia mita sita juu. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni nilishuka, natazama kwanza mamba wako wapi, ndipo natazama maji yamefika wapi. Shule nimesoma mpaka darasa la pili, baba akaniondoa nikawinge ndege shambani. Namba nazijua, ila mkono wangu mzito. Saba yangu na moja yangu ni mapacha. Kwa hiyo aliyeandika alikuwa mke wangu Mwanaidi, aliyemaliza la saba. Mimi nasimama chini napaza sauti, "Mbili nukta nne!" na yeye yuko juu na daftari, anajibu, "Mbili nukta nne, haya panda huku, unamngoja nani, mamba?" Ndivyo tulivyozeeka.

Maji yakifika mita nne, kazi ilibadilika. Nilipanda baiskeli nikapita njia ya mabondeni, ambako watu wetu hulima mpunga na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda ndege mchana na viboko usiku. Nilisimama chini ya kila dungu nikamwita mwenyewe kwa jina. "Juma! Nne imefika!" "Elia! Nne!" Sikuondoka mpaka nimwone anateremka ngazi. Nikishamaliza mabonde ndipo niliendesha mpaka ofisi ya kata kupiga redio koli Mtwara. Watu kwanza, ofisi baadaye. Utaratibu huo hakunifundisha bosi yeyote. Na katika miaka yote hiyo mto ulichukua mbuzi, ulichukua magodoro na kuku, mtu haukuchukua.

Mwanaidi alifariki mwaka 2001. Homa ya siku tatu. Zahanati haina dawa, gari la wagonjwa liko Mtwara linasubiri kibali cha mafuta, na aliyepaswa kutia saini kibali yuko semina. Nilimzika, nikaendelea kuusoma mto na kuandika mwenyewe, saba na moja zangu hivyo hivyo, na hakuna ofisi iliyolalamika. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata walipokuwa wakiyapokea yale madaftari hakuna aliyeyasoma.

Bwana Stefano alikuja mara ya kwanza katikati ya 2003. Alikaa barazani kwangu akala ming'oko yangu, mizizi ya porini ya kwetu, akachovya chumvi na pilipili kama mtu aliyezaliwa hapa, akasema ubao wa chuma umepitwa na wakati. Unakuja mtambo utakaousoma mto wenyewe kila robo saa na kutuma namba juu angani, zishuke Mtwara.

"Wewe ndiye utakayeuendesha," akaniambia. "Utakwenda kozi mjini wiki sita. Utakaa mbele ya kompyuta, mto unauona humo ndani. Hutashuka tena kwa mamba."

"Mimi ni darasa la pili, Bwana Stefano."

"Kompyuta haiulizi darasa, mzee wangu. Inataka mtu anayeujua mto."

Neno hilo niliishi nalo mwaka mzima. Nililitembeza kijiji kizima, na nyumba niliyolifikisha mara nyingi zaidi ilikuwa ya Tatu. Tatu alikuwa mjane kama mimi, jirani yangu, mwanamke wa maneno machache na jembe kali. Aliniuliza, "Ukishakuwa mtu wa kompyuta, kaka Hemedi, utatukumbuka sisi wa muhogo?" Nikamwambia wewe ndiye wa kwanza. Akacheka akaficha meno kwa upindo wa kanga. Tulikuwa tumefika hapo. Nilipanga kazi ianze, niwe na cheo cha kusema mbele ya wajomba zake, ndipo nitume mtu wa kuposa.

Kuhusu kozi, Brian ndiye aliyenipa habari siku ile ile ya kitambaa, wala hakujua ananichoma.

"Kozi ilishafanyika, mzee. Mwezi wa nne. Nafasi ya Kitaya alikuja jamaa mmoja hivi, shemeji yake bosi."

"Wa Kitaya?"

"Ndivyo fomu ilivyosema."

Shemeji huyo mpaka leo sijui kama amewahi kuuona Ruvuma unaelekea wapi. Nikamgeukia Bwana Stefano. Akanishika bega kama anayempa mtu pole ya msiba, akasema mambo yaliamuliwa juu. Nimechunguza sana maisha yangu: kila baya lililonipata liliamuliwa juu, na kila niliyemuuliza alikuwa chini kidogo tu ya huko juu.

Halafu akachukua daftari langu la mto. Akaongeza kwamba kuanzia leo taarifa za mto zitatoka ofisini peke yake. Mtu asipite mabondeni kutangaza namba za ubao. "Taarifa isiyo rasmi inaleta taharuki. Mtambo ukiona hatari utasema, ofisi itapiga redio koli kata, kata itatuma mtu." Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa mara tatu, kana kwamba yeye ndiye aliyelitunga.

Jioni hiyo mtani wangu Juma alikuwa ananisubiri kwenye kahawa.

"Injinia Kitambaa!" akaita kutoka mbali. "Karibu mkubwa. Leo mto umeufuta vumbi?"

"Kaa na ujinga wako."

"Jamani mpisheni, asije akatufuta na sisi. Hebu kitoe tukione! Au kinalala benki?"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Utani ni utani, kwetu mtani hakasirikiwi hata akikucheka makaburini. Lakini jina likaganda. Hata watoto waliokuwa hawajui kusema vizuri waliliweza.

Brian alikuja kila baada ya wiki mbili, na pikipiki, kupakua namba. Afadhali angekuwa mtu mbaya. Alinisalimia shikamoo, aliniletea sukari, aliniita babu. Mimi, babu! Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Alifungua kompyuta pale uzioni, na watu walewale ambao kwa miaka kumi na tano hawakuwahi kushuka nami ukingoni walijaa kumzunguka. Na Tatu alikuwa mbele.

"Huu ndio mto wenu," Brian akasema siku moja, akimwonyesha Tatu mstari wa kijani unaopanda na kushuka. "Hapa ni Jumanne alfajiri. Umeona ulivyoinuka kidogo?"

"Yaa Rabi," akasema Tatu. "Na sisi tulikuwa tumelala."

Mimi sikuwa nimelala. Jumanne hiyo nilikuwa ukingoni, kwa sababu sikuwahi kuacha kushuka. Daftari walichukua, miguu hawakuchukua. Nilijua umeinuka sentimita tisa. Lakini nani alisema yaa Rabi kwa ajili yangu? Nikanyoosha kidole niuone huo mstari karibu.

"Taratibu babu," akasema Brian kwa upole, "vidole vina vumbi."

Tatu alinitazama vidole. Nikavirudisha mfukoni, vikakikuta kitambaa.

Tangu hapo nilianza kuhesabu mambo. Brian akila, anapikiwa na Tatu: kuku, na wali wenye nazi, wakati mimi jirani nimepelekewa kisamvu cha jana. Shati la Brian likichafuka na tope, Tatu ndiye anayelifua. Sikuona ubaya wowote kwa macho yangu, na hilo ndilo lililonimaliza, maana ungekuwepo ningekuwa na la kusema. Nilikuwa nalala chali nikiwasikiliza watu wasiokuwepo. Nikajiambia kile kigoda ni changu, mto ni wangu, yule mwanamke alikuwa karibu kuwa wangu, na vyote mtu mmoja amevipata kwa kuwa na cheti tu. Na aliyempa ni Stefano, na waliompa Stefano ni wakubwa zake. Sikuweza kuwafikia wakubwa. Brian nilimfikia, ila alikuwa ananiamkia shikamoo.

Mwezi wa pili mwaka 2005 mvua zilikuwa nyingi na barabara ikakatika. Mara ya mwisho Brian kufika kabla haijakatika alimletea Tatu doti ya kanga, asante ya kumfulia, alisema mbele yangu wala hakuficha. Nyekundu yenye maua meupe. Wiki iliyofuata Tatu alinijia uzioni akiwa ameivaa, jozi nzima, kapu la muhogo kichwani.

"Kaka Hemedi, hodi. Makopa yangu yananiozea. Chini kote maji, nikianika kwenye mkeka yanaota ukungu, nikiweka juu ya paa nyasi zinavuja. Hebu niambie, hicho kioo chako kinafanya kazi gani mchana kutwa?"

Kile kioo kilikuwa kimelala karibu tambarare, kimeinama kidogo tu, juu ya nguzo nne, mbuzi hafiki wala kuku. Mahali pazuri pa kuanika makopa kuliko pote Kitaya. Mtu yeyote wa kwetu angeliona hilo kabla hajaona kitu kingine.

Sasa nieleweke. Mimi nilijua. Brian alinieleza mwenyewe, tena mara mbili, kwamba kioo kikifunikwa wiki mbili hivi betri inakufa na mtambo unanyamaza. Tatu hakujua. Nilimtazama alivyosimama na ile kanga.

"Yakipata mvua?" nikauliza, ili tu nisijibu haraka.

"Nitakuja kuyaanua. Niko hapo hapo."

Nikafungua lango. Akaivua kanga moja, ile ya kujitanda, akaitandaza juu ya kioo, akafunga pembe zake kwenye nguzo, akamwaga makopa na kuyapanga mojamoja. Nikamshikia kapu. Siwezi kusema uongo, ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata tangu Juni. Mashine ya Brian imefumbwa macho kwa kanga ya Brian. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Makopa ya kwanza yakakauka, akaleta mengine. Wiki ya pili. Ya tatu. Taa ndogo ya kijani iliyokuwa inakonyeza kwenye sanduku ikaacha kukonyeza. Wala ofisi Mtwara hawakutuma mtu kuuliza mbona kimya; labda walidhani mto umepumzika. Nikasema moyoni, ngojeni. Siku mto utakapoinuka na mtambo usiseme kitu, watakuja hapa na gari lao waseme, Mzee Hemedi, chukua daftari lako. Hilo ndilo nililolitaka, sikutaka zaidi. Niliona kabisa Bwana Stefano akilifuta vumbi daftari kabla ya kunipa.

Alhamisi tarehe 10 Machi kulipambazuka kweupe, jua, hakuna wingu. Saa moja nilishuka. Maji yalikuwa tatu nukta sita, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na matete mabichi yaliyong'olewa na mizizi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mbali, na mto ulikuwa unatuletea habari zake. Mto wa namna hiyo ndio mbaya, kwa sababu mtu wa bondeni akitazama juu anaona jua, anaendelea na kazi zake.

Nilikaa ukingoni. Nikautazama unapanda namba moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea pale pale nyuma yangu, tairi zimejaa upepo. Ulipofika nne sikusimama. Nikasema, si mlisema mtambo utasema? Si mlisema taharuki? Haya. Nikangoja mtu wa kata apite na ujumbe wa ofisi. Nikajua hatapita. Nikangoja.

Baadaye nilipanda mpaka uzioni, nikamwaga makopa chini, nikaifungua ile kanga, nikakifuta kioo kwa kitambaa changu mpaka kikang'aa. Sanduku halikukonyeza. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu nikapanda baiskeli.

Njia ya mabondeni nilikutana na watu wanakuja mbio, maji yamewafuata magotini, wanawake na vyungu, Juma na godoro kichwani. Mtani wangu hakunitania. Alinipita tu, halafu akageuka, akasema, "Elia bado yuko juu."

Elia alikuwa mzee wa dungu la mwisho kabisa, mguu mmoja haukunji. Niliendesha mpaka baiskeli ikasimama kwa maji, nikaiacha, nikatembea mpaka yakanifika kifuani, mkondo ukanirudisha. Dungu nililiona kwa mbali limeinama. Juu yake sikuona mtu.

Juma alinihadithia siku ya pili, akitazama chini. Walipokimbia walimwita Elia. Aliwajibu kutoka juu akiwa anasuka ungo wake, "Nendeni nyie wenye haraka. Hemedi hajapita. Nne ikifika Hemedi atapita." Walimwambia Hemedi siku hizi hapiti, ni mtambo. Akasema, "Mtambo ndiyo nini? Huu mto anaujua Hemedi."

Tangu Juni nilikuwa naomba mtu mmoja aseme maneno hayo.

Walimpata siku ya tatu, upande wa Msumbiji, wakamvusha kwa mtumbwi.

Barabara ilipopitika wakubwa walikuja, magari mawili, wakaitisha mkutano shuleni. Bwana Stefano alisimama akaeleza kwamba betri ilikufa kwa kukosa matengenezo, na kwamba fundi husika hakufika kituoni wiki tano. Hakusema barabara ilikatika. Hakusema ofisi yake ilikaa majuma mawili bila namba hata moja na hakuna aliyeinua kichwa. Hakusema ni nani aliyechukua daftari. Brian alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu, kofia mkononi. Kazi alishaachishwa asubuhi ile. Moyo wangu ulicheka mara moja, halafu ukaacha. Nilimtafuta Tatu kwa macho. Alikuwa amejifunika kanga ya zamani, anatazama miguu yake. Alishajua, au alishaanza kujua. Hajawahi kunisemesha tangu siku hiyo zaidi ya salamu.

Nilinyoosha mkono nikawaambia. Niliwaambia yote yao: ahadi ya barazani kwangu, kozi iliyoliwa na shemeji, daftari, amri ya kutopita mabondeni. Watu waliguna na kupiga makofi. Juma akaita, "Waambie!" Mwenyekiti akawa anakuna shingo. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bwana Stefano akitoa jasho, na kila nililosema lilikuwa kweli, naapa, hakuna hata moja la uongo.

Ndipo akasimama Helena, mjane wa Elia. Mwanamke mfupi, hana sauti kubwa, watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Mimi ya betri siyajui," akasema. "Ya kozi siyajui. Bwana Stefano ana Mungu wake wa kumjibu. Mimi nina neno moja na Hemedi." Akanigeukia. "Shemeji, sisi tunakuona. Walikunyang'anya daftari, lakini hujaacha kushuka pale hata siku moja, jua na mvua. Na Alhamisi ile ulishuka, wenye mitumbwi walikuona umekaa."

Bwana Stefano akasema suala hilo haliko kwenye ajenda, tafadhali mama ukae. Helena hakukaa. Mimi nilikuwa bado nimesimama, na watu walewale waliokuwa wananipigia makofi wakawa wananitazama.

"Kwa hiyo niambie kitu kimoja tu, shemeji. Maji yalipofika nne, ilikuwa saa ngapi?"